Jina Chini ya Picha

Kila Jumamosi, baada ya kuosha vyombo vya asubuhi, Deanna Yurkonis alivaa koti na buti akateremka hadi kituo cha zamani cha reli. Treni zilikuwa zimeacha kupita mjini kwetu tangu migodi ya makaa ya mawe ilipofungwa, na jengo lile sasa lilikuwa la Chama cha Historia cha Kaunti. Wanachama walibaki kumi na mmoja, wengi wakitembelea mikongojo. Deanna, mwenye miaka kumi na miwili, ndiye pekee aliyepanda ngazi bila kupumzika.

Kazi yake ilikuwa picha. Mzee akifa, watoto wake walileta picha zake kwenye boksi la viatu, na Deanna akaandika majina nyuma kwa penseli laini. Picha ya watu wasiojulikana ilibandikwa kwenye ubao, karibu na sufuria ya supu ya maharage. Kila Jumamosi wazee walikuja kunywa supu, wakaitazama na kubishana mpaka jina likapatikana.

"Huyo ni Pete!"

"Pete gani? Pete masikio yake yalikuwa kama milango ya gari iliyoachwa wazi!"

Jumamosi moja ya Septemba, Deanna alibakiwa na picha moja tu, na rafiki zake walikuwa wakimngoja sinema. Ilionyesha wanaume wanane kwenye mlango wa mgodi, saba wakitazama kamera, wa mwisho kulia akiwa amegeuka. Nyuma iliandikwa tu: "Zamu ya asubuhi, Januari 1951." Kila mtoto wa kwetu anajua kwamba mwezi huo mto uliingia mgodini ukaua wachimbaji wanane, na miili yao haikupatikana. Majina yao yalikuwa kwenye gazeti lililotundikwa ukutani. Wanane gazetini, wanane pichani. Deanna akayanakili kama yalivyofuatana, kuanzia kushoto.

"Umewajuaje wote hawa?" aliuliza Bwana Prosser, katibu wa chama, mwalimu mstaafu.

"Nimepata orodha," alijibu, akachukua koti lake.

Bwana Prosser alifurahi mno. Picha haikupita kwenye ubao. Ilitiwa fremu, majina yakaandikwa chini yake, ikawekwa stoo kungoja siku ya kumbukumbu ya wachimbaji.

Januari ilifika na theluji yake chafu. Baada ya misa ya marehemu, watu walijaa kituoni. Bi Verna Sabol aliingia akishikwa mkono na mjukuu wake, maana kisukari kilikuwa kimemharibu macho. Mjukuu alisoma majina chini ya fremu, kisha akapiga kelele.

"Bibi, yupo! Kaka yako Andy! Wa tatu kutoka kushoto!"

"Nimesikia, usinipigie kelele sikioni," alisema Bi Sabol. Aliweka kidole juu ya kioo. "Nyumba yetu iliungua na picha zote. Miaka arobaini na tano! Bwana Prosser, nitengenezee nakala. Naiweka kaburini."

Makaburi ya wachimbaji wa kwetu yana picha ya kigae, yenye umbo la yai, iliyochomwa tanuruni isifutike. Jiwe la Andy lilikuwa na tundu tupu la picha hiyo, na chini ya jiwe hapakuwa na mtu.

Deanna angeweza kunyamaza; Bi Sabol hakuwa akiona. Lakini angesali mbele ya uso wa mtu mwingine mpaka afe.

"Bwana Prosser," alisema, "sijui kama ni yeye. Niliyapanga tu majina kama yalivyo gazetini."

Watu wote ukumbini walimgeukia.

"Una akili wewe?" mjukuu alifoka. "Unamfanyia bibi yangu mchezo?"

Bi Sabol aliondoa kidole kwenye kioo, akaomba koti lake.

Kesho yake Bwana Prosser alimpeleka Deanna na ile picha kwenye makao ya wazee, kwa Stan Olenik. Mzee huyu alifanya kazi katika zamu ileile, na alikuja kunywa supu kila Jumamosi hadi Oktoba, alipopatwa na kiharusi.

"Huyu wa kwanza mliyemwandika Joseph Bartek ni mimi," alisema kwa mdomo uliopinda. "Siku ya maji nilikuwa kitandani na homa. Mmeniua, na bado nakula uji mbaya wa hapa!"

Aliwataja wengine watatu. Alipowafikia watatu waliofuata, kidole kilisimama, machozi yakamtoka.

"Nilikuwa nawajua. Nimekula nao. Mngenionyesha kabla sijaugua."

"Na Andy?" Deanna aliuliza kwa sauti ndogo.

"Huyo aliyegeuka. Alikuwa anarudi kuchukua mkebe wake wa chakula. Verna ndiye aliyekuwa akimfungia."

Deanna aliomba aende mwenyewe kwa Bi Sabol. Alisimama jikoni kwake, buti zikidondosha maji.

"Ni mgongo wake tu, Bi Sabol. Uso hauonekani. Nisamehe."

Bi Sabol hakusema kwamba amemsamehe.

"Mgongo ndio nilioona mara ya mwisho, akitoka kwa mlango huo," alisema hatimaye. "Wauweke huo huo kwenye kigae."

Bwana Prosser alikuwa akimngoja nje, na njiani kurudi kituoni alimpa Deanna kifutio na penseli.

"Kuandika 'hajulikani' si aibu, mwanangu. Ungeandika hivyo Septemba, Stan angeiona akinywa supu, na leo tungekuwa na majina yote. Ulipobuni majina, hakuna aliyeona haja ya kuuliza. Usiyoyajua yaseme kwamba huyajui, ili anayejua apate nafasi ya kukwambia."

Kituoni Deanna aliitoa picha kwenye fremu, akafuta majina, akaandika aliyoambiwa na Stan. Kisha akaandika "Hajulikani" mara tatu, akaibandika picha kwenye ubao kwa mkono wake. Mpaka leo iko pale, na wazee waliobaki huitazama, hutikisa kichwa, na hurudi kwenye supu yao.