Aliyelala Upande wa Reijo

Reijo Hautala alirudi kutoka zamu ya usiku saa kumi na mbili na nusu asubuhi, akaingiza miguu chini ya blanketi, akaitoa upesi. Upande wake wa kitanda ulikuwa na joto.

"Tuulikki, ulihamia huku?"

Mkewe alikuwa akifunga koti awahi chekechea alikofundisha. "Nihamie nini? Umerudi saa nane ukanikoromea mpaka nikaziba masikio."

Saa nane Reijo alikuwa kiwandani, akichomoa karatasi iliyokwama mashineni. Akadhani anataniwa. Miaka kumi na tisa ya zamu za kupokezana, asubuhi mbili, jioni mbili, usiku mbili, ilimfanya asiulize sana. Alikula soseji na kahawa saa tisa za usiku. Tumbo lilimtoka, presha ilipanda, na yeye na mkewe walipishana mlangoni kama wapangaji. Akashusha pazia zito, akalala.

Adhuhuri kitu kilimpanda kifuani. Kilikuwa kizito, kibichi, kikinuka majivu yaliyomwagiwa maji, na alipotaka kupiga kelele ulimi ulilala, akabaki macho wazi akisikiliza pumzi ya kile kitu ikijifunza pumzi yake, ikivuta alipovuta, ikishusha aliposhusha, mpaka hakujua tena ipi ni yake.

Hakumwambia mtu. Jumamosi, mezani, Tuulikki akatabasamu.

"Siku hizi ni raha kuishi nawe. Jana ulimaliza samaki wote, na miiba yake."

"Jana nilikuwa zamu ya jioni."

Kijiko cha mkewe kikasimama njiani. "Basi," akanong'ona, "aliyenishika mkono ni nani?"

Walikwenda kwa Bibi Impi, mpiga chuku wa ng'ambo ya ziwa, aliyetibu watu kwa kuwatoa damu kwa pembe. Alimketisha Reijo ndani ya sauna, chumba chake cha mvuke, akamuumika mgongoni, damu ikatoka nzito kama lami. Bibi akaitazama kwa muda mrefu.

"Hiki hakivunji mlango, mwanangu. Kinakaa palipoachwa wazi. Lala kwako usiku tisa mfululizo, ule na mkeo. Kitachoka."

Reijo akaomba likizo ya ugonjwa. Usiku wa saba kiliizunguka nyumba kikikwaruza mbao, kikimwita Tuulikki kwa sauti ya Reijo, taratibu, kwa upole ambao Reijo mwenyewe alikuwa ameusahau, na Tuulikki akalia huku ameng'ang'ania mkono wa mumewe, ila macho yake hayakubanduka dirishani. Usiku wa tisa kukawa kimya. Asubuhi walikula uji pamoja, wakacheka.

Kisha Reijo akaomba kazi ya mchana tu.

"Kila mtu anautaka mchana, bwana," msimamizi akamjibu. "Subiri mpaka mtu astaafu."

Jumatatu akarudi zamu ya jioni. Saa tatu, wakati wa mapumziko, akapiga simu nyumbani. Iliita sana kabla Tuulikki hajapokea.

"Uko salama?"

"Niko salama."

"Kimerudi?"

Nyuma ya Tuulikki, Reijo alisikia sahani ikivutwa mezani, kisha mtu akakohoa, na kikohozi kile kilikuwa cha Reijo mwenyewe.

"Reijo," mkewe akanong'ona, "usipige tena saa hizi. Ndiyo kwanza ameketi kula."