Nafasi ya Normand

Kila Réal Thibodeau alipozima pikipiki yake, injini ya pili ilichelewa kunyamaza upande wake wa kulia, ambako hapakuwa na mtu.

Katika mazishi, chama chao cha waendesha pikipiki huacha nafasi tupu kulia kwa kiongozi wa msafara, mahali pa marehemu. Wakirudi, mwingine huijaza. Lakini tangu wamzike Normand, kiongozi wao aliyeopolewa mtoni akiwa maiti, wawili walioijaza walianguka na kufa kwenye lami kavu, jaketi zao zikinuka matope ya mto.

Réal alijua sababu. Alikuwa ameuza kokeini katika baa zote za mji wa Sorel na kuchoma zilizomkatalia. Mwishowe alimuua Normand, rafiki yake, akakikalia kiti chake. Msafara wa mazishi aliuongoza yeye, akilia.

Majira ya kuchipua yalipofika, walikusanyika uwanjani mwa kanisa pikipiki zibarikiwe. Polisi walisimama getini wakipiga picha, kama kila mwaka. Maude, binti wa pekee wa Réal, alikuja na pikipiki mpya.

"Leo nakaa kulia kwako, baba."

"Kaa nyuma."

"Na wazee wanaoumwa mgongo? Usinichekeshe."

Padri Lacasse alirusha maji ya baraka. Yaliyoelekea kulia kwa Réal hayakufika chini; yalichemka hewani kama yamegusa bomba la moshi, mvuke ukapanda na harufu ya matope, na ndani ya mvuke ule injini isiyoonekana ikaanza kunguruma, polepole, kisha kwa pupa, huku Maude, akidhani ni yake, akicheka na kusukuma gurudumu la mbele ndani ya nafasi ile, na usukani ukaanza kujigeuza wenyewe kuelekea barabarani, kwenye malori.

Padri, aliyemzika Normand, alinong'ona, "Réal, marehemu anataka nini kwako?"

Réal aliwatazama polisi, kisha mikono ya binti yake iking'ang'ania usukani.

"Nilimuua mimi," alisema, wote wakasikia. "Normand. Nilimzamisha kichwa mpaka akatulia."

Injini ikanyamaza. Maude alishuka, mzima, akarudi nyuma hatua kwa hatua bila kumwita baba.

Ndani ya gari la polisi, askari aligeuka kumtazama Réal.

"Mzee, mbona umejibana mlangoni? Kiti chote ni chako."

Mkono wa shati la Réal, upande wa kulia, ulikuwa umeanza kulowa maji yenye harufu ya matope.