Ngoja Ageuze Ubavu

Rafiki yangu, fundi redio, mpaka leo hufura kwa hasira akisimulia. Jioni moja alikuwa akicheza vita vya vifaru kwenye kompyuta na shemeji yake, kila mtu kwake, hedifoni masikioni. Walichukua vifaru vya zamani vya Kiitaliano: bati jepesi, mzinga hauzunguki. Ukiwa nacho unajificha kichakani, adui akigeuza ubavu, unapiga. Shemeji, kimya, akawa anakurupuka mbele tu.

"Mjinga wewe! Ngoja ageuze ubavu!" alifoka rafiki yangu.

Umeme ukakatika. Giza totoro, lakini injini ya kifaru ikaendelea kunguruma kwenye hedifoni. Simu yake ikaita; alikuwa shemeji yake.

"Shemeji, samahani, bado niko kazini. Leo sichezi."

"Usinitanie! Sasa nani huyu—"

Injini ikazimika. Hedifoni ikanong'ona: "Haya, nimengoja. Geuza ubavu."