Kopo la Mama Bertille

"Sangala, hapa Mlima. Chumvi imo chunguni. Nenda."

"Sangala amesikia."

Ilunga alirudisha redio yake ya Motorola kiunoni, akamgusa bega nahodha Florent. Injini za boti zikanguruma. Kalemie ikaanza kurudi nyuma: mabohari ya bandari, mapaa ya bati, kilima na nyumba zake. Jua la asubuhi lilikuwa limeshakuwa kali na ziwa lilikuwa shwari. Kwa msafiri huo ni uzuri. Kwa mpelelezi ni balaa, maana kila chombo huonekana kutoka mbali.

Ndiyo maana hawakufuata kwa macho. Walifuata kwa sikio.

Bip. Bip. Bip.

Sauti ilitoka kwenye kipokezi kilichofungwa karibu na usukani. Mbali huko mbele, mashua ya Lambrecht ilikuwa inakimbilia katikati ya ziwa. Lambrecht alikuwa mzungu mwenye ghala la samaki pale bandarini, mcheshi, mnunuzi hodari wa bia za wenzake. Chini ya magunia yake ya ndagala, wale samaki wadogo waliokaushwa, alikuwa ameficha dhahabu ya Zaire. Angewapa wenzake kutoka nje, nao wampe masanduku ya bunduki. Waasi waliozingoja bunduki hizo walikuwa wanajipanga kuushambulia mji wa Moba.

Na mashuani humo, kati ya akina mama wachuuzi, alikuwemo Mama Bertille.

Kapu lake lilikuwa na kopo la Nido. Chini ya unga wa maziwa ndimo kilimokuwa chombo kilichotuma ule mlio.

Yeye mwenyewe hakujua.

Ilunga alijaribu kuliondoa jambo hilo kichwani. Likakataa.

Majuma kadhaa alikuwa amepanga chumba kwa huyo mama, akijifanya mnunuzi wa samaki aliyetoka Kamina. Mama alimpikia, akamuuguza malaria, akamwita mtoto wake. Walibishana pia, tena sana, yeye akichambua ndagala kwenye ungo.

"Ruhusa ya kuvusha samaki inatoka Kinshasa," mama aliwahi kumwambia. "Karatasi inafika, samaki iko imeoza zamani. Sasa nifanye namna gani? Nikule sheria?"

"Lakini Mama, tukiacha njia wazi, hata dhahabu itapita. Serikali itanunua dawa na nini?"

"Kumbe! Na tangu bafunge njia, wewe ulishaona hiyo dawa?"

Ilunga alicheka siku ile, akauvuta ungo amsaidie kuchambua.

Sasa, wachuuzi wa kuvuka ziwa walikuwa na desturi yao. Mwenzako akikuomba umbebee mzigo, humuulizi una nini ndani. Kuuliza ni kumtukana. Na ukikamatwa nao unasema ni wako, ugomvi mtaumaliza mkirudi nyumbani. Lambrecht aliijua desturi hiyo, ndiyo sababu alijaza mashua yake akina mama. Hakumpakia mtu asiyemfahamu, na Mama Bertille alikuwa mteja wake wa siku nyingi.

Ilunga naye aliijua.

"Mama, nibebee hii maziwa ya dada yangu wa Kigoma."

"Leta, mutoto wangu."

Hakuuliza kitu. Alilifunga kopo kwenye kitenge chake kizuri, lisije likabonyea njiani. Kile kitenge ndicho kilichomchoma Ilunga. Laiti angelitupa tu kapuni.

Bip-bip-bip-bip.

"Wamesimama!" Florent alisema.

"Kasi yote."

Ilunga aliikoki bastola yake ya Browning. Darubini ikamwonyesha mashua ya mbao, na ubavuni mwake boti nyeupe yenye injini mbili za Evinrude. Sanduku refu lilikuwa linavushwa mikono kwa mikono.

Wakawaona. Sanduku likatumbukia majini.

Risasi yao ya kwanza ilipasua kioo cha boti mbele ya Florent. Ilunga alipiga mbili. Evinrude moja ikakohoa, ikatoa moshi, ikazimika. Florent akaikata njia boti nyeupe, na vijana wake wakaielekezea bunduki kubwa ya sitaha. Waliokuwemo wakainua mikono.

Akabaki Lambrecht.

Akina mama walikuwa wamelala kifudifudi juu ya magunia, wakiita majina ya watakatifu. Lambrecht alisimama katikati yao, bastola mkononi, akitafuta wa kujikingia. Mkono wake ulielekea kwenye kitambaa cha kichwa cha kijani.

Kitambaa cha Mama Bertille.

Ilunga aliruka kutoka botini hadi mashuani. Hakukumbuka kama alilenga, alikumbuka kuruka tu. Bega lake lilimpata mzungu tumboni, bastola ikaenda ziwani, na Lambrecht akaangukia ndagala zake, akafungwa pingu hapo hapo.

"Umekwisha, Papa Lambrecht," Ilunga alimwambia.

Ndipo Mama Bertille akainua uso, yeye peke yake. Akamwona mpangaji wake ameshika Browning. Akamtazama sana, kisha akalaza tena kichwa chake.

"Mlima, hapa Sangala. Chungu kimeepuliwa."

"Safi. Bandarini kuna mkubwa aliyekuwa anakula na Lambrecht, bado hatujamjua. Usijitambulishe kwa mtu. Ukishuka, nenda Kabimba, kuna kazi nyingine."

Alishukia mbali kidogo na gati, akavua koti, akajichanganya na watu waliokuja kushangaa. Dhahabu ilikuwa imeshikwa, bunduki zimeshikwa. Mtu mwingine angeenda kunywa bia. Yeye alikuwa anakitafuta kile kitambaa cha kijani.

Komanda Urbain, mkuu wa askari wa bandari, aliwapanga mstari mmoja akina mama walioshushwa mashuani. Ndagala zao zikachukuliwa zote, kwa kuwa zilikuwa zinavushwa bila ruhusa. Kisha askari akamwaga makapu. Kopo la Nido likafunguka. Unga ukamwagika sakafuni, na katikati yake kikaonekana kitu chenye waya, chenye taa nyekundu iliyokuwa inawakawaka.

"Redio!" Urbain alinguruma. "Nani anazungumza na adui? Hii kopo ya nani?"

Mama Bertille alimtazama Ilunga kati ya umati. Ilunga aliomba moyoni amtaje. Amnyooshee tu kidole.

"Iko yangu," mama alisema.

"Na kitu ya ndani?"

"Yangu."

"Mama, unajua upelelezi wa adui ni kosa gani? Ndege inaondoka leo. Utaieleza Kinshasa."

Waliopandishwa ndege hiyo kwa kosa hilo, jamaa zao waliishia kufanya matanga bila maiti. Ilunga alilijua hilo kuliko wote waliokuwa pale. Motorola ilikwaruza chini ya shati lake; Mlima alikuwa anaona yote kutoka kilimani.

"Sangala, usithubutu. Kabimba inakungoja."

Askari walimshika mama mikono.

Ilunga alipasua umati.

"Mwacheni. Hiyo kopo ni yangu."

Akatoa kadi yake ya usalama mbele ya watu wote, wachuuzi, makuli, askari, na huyo mkubwa asiyejulikana kama alikuwepo. Miaka ya kujificha iliishia pale. Urbain alipoisoma, alipiga saluti kabla hajaimaliza.

"Samahani, Citoyen. Waende. Lakini samaki ni mambo ya forodha, mimi siwezi."

Ilunga alimkabili Mama Bertille. Mama alikuwa anakung'uta unga wa maziwa kwenye kile kitenge.

"Mama, nisamehe."

"Ulijua nitasema iko yangu."

"Nilijua."

"Njo maana ulichagua mimi?"

Ilunga alikuwa amewahi kuwadanganya watu wenye bunduki, tena bila kupepesa jicho. Uongo mzuri ulikuwa tayari mdomoni. Aliumeza.

"Ndiyo, Mama."

Mama alichukua kapu lake tupu, akajitwika, akashika njia ya nyumbani.

"Sangala! Umefanya nini, Sangala?"

Ilunga aliizima Motorola. Akavaa miwani yake ya Ray-Ban, akanyoosha kola, akaanza kuondoka kwa ule mwendo wa taratibu aliofundishwa, mwendo wa mtu asiye na wasiwasi. Njia ya kutokea ilipita kati ya wachuuzi wengine waliokuwa wanangoja chombo, wamekaa chini wakipiga soga.

Alipowakaribia, kila mmoja akauvutia mzigo wake miguuni.