Jina Ndani ya Anwani

Kwanza ilikuwa pumzi tu. Katikati ya matangazo ya vifo, mtangazaji alisikia mtu akivuta pumzi ndogo, ya mtoto, akageuka kutazama studio tupu.

"Fundi, nani kaniwekea mtoto kwenye matangazo?" aliuliza kwa utani alipotoka.

Fundi mitambo wa redio alicheka, akasema labda ni panya wa kisasa. Lakini aliporudi chumba cha mashine alikuta harufu ya udongo mbichi, na chumba chenyewe hakikuwa hata na dirisha.

Baadaye pumzi ikawa neno. "Baba." Lilijitokeza kwenye rekodi, kati ya bei ya saruji na hali ya hewa, na kila lilipotamkwa, sauti ya mtangazaji ilikauka. Mwanamke aliyelisha wanawe kwa koo lake akawa wa kunong'ona. Wakubwa wakaanza kuulizana nani atashika nafasi yake.

Fundi alijua, akanyamaza. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Binti yake alifariki kabla hajajua kusema. Hakumwita baba hata mara moja, na sasa kila adhuhuri, wenzake walipokwenda kula, yeye alivaa hedfoni akaisubiri sauti ile huku akilia. Si kwamba alikuwa mjinga. Alitaka kudanganywa, na anayetaka kudanganywa hahitaji jini hodari.

Mtangazaji akamleta shangazi yake, mganga. Bibi yule alifika mlangoni pa chumba cha mashine, akakataa kuvuka kizingiti.

"Mnamwita nani humu?"

"Hatuiti mtu, shangazi," mtangazaji alinong'ona. "Ni mashine tu."

"Basi mashine inamwita nani?"

Hapo fundi akaelewa, akawaeleza. Kila mara mashine ilipokwenda kuchukua rekodi kwenye ghala la mafaili, ilitaja anwani ya ghala, na ndani ya anwani ile ilikaa nywila, neno la siri la kulifungulia, wazi kabisa, kwa herufi ambazo yeyote angezisoma. Nywila ilikuwa jina la bintiye. Aliiweka wiki ya mazishi, apate kuliona kila siku. Tangu hapo mashine ilimwita marehemu mchana na usiku bila kuchoka.

"Maiti haitiki," mganga alisema kwa sauti ya chini. "Lakini jina likiitwa hivyo bila mwenyewe kuitika, huitika mwingine. Na huyu hana koo, kaazima la mwanetu."

"Nikiibadilisha nywila?"

"Ukilitupa jina, ataliokota. Lifiche, mwanangu. Lifiche asibaki wa kulisoma."

Fundi aliijua njia. Nywila ingesimbwa, ikageuka rundo la herufi zisizo na maana, ambazo mashine peke yake ingeweza kuzifumbua. Ilikuwa kazi ndogo ambayo alipaswa kuifanya tangu mwanzo.

Akaketi. Alipoanza kuandika, harufu ya udongo ilipanda hadi ikamkaba, taa zikafifia, na sauti ikaja, si kwenye hedfoni sasa bali nyuma ya kisogo chake, ikisema baba usinifiche, baba huku ni giza, baba mbona ulikuwa unaniita kila siku na leo nimekuja hunitaki, naye akageuka, tayari kuacha yote na kuikumbatia, akaona kwamba ni midomo ya mtangazaji inayotembea, macho yake yamejaa machozi, mkono kajishika koo, na sauti ya mtoto inamtoka yeye.

"Nisamehe, mwanangu," fundi alinong'ona, akabonyeza.

Kimya. Mtangazaji akakohoa, akaita, "Fundi," kwa sauti yake mwenyewe, nzito na nzuri, wakalia wote wawili.

Jioni alimkuta mkewe akikunja nguo. Mambo yale alikuwa amemficha, sasa alitaka kumwambia yote, aanze na jina la mtoto wao. Aliukumbuka uso wake, na uzito wake mikononi. Jina akalitafuta, akalitafuta.

"Mke wangu," alisema kwa woga, "mtoto wetu tulimwita nani?"

Mke alimkazia macho kwa hasira, kwamba hilo nalo ni swali la kuulizwa mama. Akafungua mdomo amjibu, akabaki ameufungua hivyo hivyo, na nguo ikamponyoka mikononi.