Feni ya Tano

Seva ya chuo ilikuwa na feni nne. Fundi alizijua, yeye ndiye aliyezipangusa vumbi. Lakini asubuhi ile programu ya Linux ilipoorodhesha joto la mitambo na kasi ya feni, zilitokea tano, na ya tano ilizunguka, ikasita, ikazunguka tena, kama kifua cha mtu aliyelala.

"Dada, hii ni ya nani?" aliuliza mdogo wake wa kike, aliyekuwa akifunga nyaya.

"Ya babu yetu. Shika tochi."

Wakafungua kifuniko. Nne. Kutoka ndani, pasipoungua kitu, ikawapiga harufu ya nywele zilizoungua.

Mkuu wa kitengo akaingia, akaja juu. Mtu ambaye hajawahi kufungua hata soketi!

"King'ora, king'ora! Mashine inalia na wageni wako getini. Ifiche hiyo feni."

"Mkuu, bora tuizime mashine tuikague."

"Ifiche, au nitafute fundi mwingine?"

Tusidanganyane, mafundi wote hufanya hivyo: kipimo kinachosumbua huandikiwa mstari mmoja kwenye mipangilio, programu ikakipuuza, na wakubwa wakalala usingizi. Fundi akauandika. Feni ya tano ikatoweka kwenye skrini.

"Dada," mdogo wake akanong'ona, "nasikia baridi."

Fundi akamshika mkono, akakuta ubaridi wa bati. Akamvisha koti lake, akamkalisha kitini, akamsugua viganja huku akimwita, na binti akawa anamtazama bila kupepesa, midomo imekauka, pumzi haionekani kuingia wala kutoka, na ile harufu ya nywele sasa ikitoka kwake.

Mganga wa kienyeji aliyeitwa na fundi alikuwa mama mmoja mnene, mcheshi. Alipofika mlangoni ucheshi ukamwisha.

"Kitu hiki kilikuwa kinatazamwa, kikatulia," alisema kwa sauti ya chini. "Nani kaamuru kisitazamwe?"

Mkuu akakagua viatu vyake.

"Kitoe, mama, nakuomba," fundi akasema.

"Nikitoe nimrudishe nani? Kwenye kiti hapa hamna mtu, mwanangu. Mtu yumo mle." Akaionyesha seva kwa kidevu, akarudi kinyumenyume, akaondoka bila kuaga.

Fundi akaufuta ule mstari, na skrini ikarudisha feni ya tano, ikienda mbio kama anayepiga mlango kwa ngumi, na kando yake kipimo cha joto ambacho asubuhi hakikuwapo, nyuzi thelathini na saba, joto la mwili wa mtu, likipungua taratibu, thelathini na sita, thelathini na tano, na hakujua kuna nini cha kubonyeza, maana kuzima ni kumuua na kuacha ni kumtazama akifa.

"Wageni wanapanda ngazi," mkuu akanong'ona. "Tafadhali."

Kitini, binti akasimama. Akajifunga vifungo vya koti, akaweka mkono wake wa baridi begani kwa fundi.

"Twende nyumbani, fundi," akasema kwa sauti tamu. "Mama anatusubiri."