Medali ya Mvushaji

Tulikwenda kununua medali, basi. Saa kumi jioni, mwezi wa Novemba, giza limeshaanza kushuka juu ya mto Sheksna, huku kwetu kaskazini mwa Urusi.

Rafiki yangu Zakhar alikuwa mkusanyaji. Medali za askari hakuzitaka. Alitafuta zile za enzi za wafalme walizopewa raia: wazima moto, wakunga, wakuu wa vijiji. Safari hii alisikia kwamba bibi mmoja, Pelageya, anayo ya fedha aliyopewa babu yake, mvushaji wa watu mtoni. Upande mmoja sura ya mfalme. Upande wa pili maneno: *Kwa kuokoa waliokuwa wakiangamia.*

Bibi alitukaribisha chai. Zakhar alipotoa pesa, bibi akausukuma mkono wake.

"Sitaki hela, baba. Ichukue tu."

"Bure, bibi? Leo nimeamkia upande gani!" Zakhar akacheka.

Bibi hakucheka. Akanong'ona, "Babu aliwatoa majini watu kumi na mmoja. Kisha akaingia mwenyewe, akiwa mzima, hajalewa, asitoke tena. Baba yangu naye hivyo hivyo. Mume wangu pia. Mimi sijawahi kuivaa. Nawe usiivae."

Tulipofika kwenye gari, Zakhar aliibandika kifuani, juu ya koti.

"Veniamin, nitazame! Si nimependeza kama gavana?"

"Ivue bwana. Bibi amesemaje?"

"Wee, mwoga kama kuku."

Tukaondoka, mto ukiwa kushoto kwetu. Barafu ilikuwa changa, nyeusi chini ya theluji nyembamba. Hatukufika mbali...

Harufu ikaja kwanza. Tope la chini ya mto. Nguo mbichi zilizooza. Vioo vyote vilikuwa vimefungwa.

Zakhar akakanyaga breki.

"Umesikia?"

"Nini?"

"Mtoto. Kuna mtoto analia kule."

Nikatega sikio. Upepo tu.

"Zakhar, hakuna kitu. Twende zetu."

Alikwishafungua mlango. Nilimshika mkono wa koti, akaniponyoka. Akateremka ukingoni, akaingia kwenye barafu. Nikamfuata mbio. Hatua yangu ya kwanza... kraak! Nikazama hadi kiunoni. Baridi ilinikata pumzi.

Zakhar alikuwa na kilo mia na kumi. Mimi sina hata sabini. Na barafu ileile ilimbeba yeye, bila mlio.

"Zakhar! Rudi!"

Hakugeuka. Nilimsikia akisema kwa upole, kama mtu anayembembeleza mwanawe, "Nakuja. Usiogope, nakuja."

Nilijaribu tena pembeni, nikazama tena. Nikalala kifudifudi nijiburute, ikavunjika chini ya kifua changu. Kila niliposhika palibomoka. Nililia kwa hasira. Yeye aliendelea kutembea, akawa kivuli, kisha alama ndogo.

Akainama. Akanyoosha mkono.

Hapakuwa na mtu tena.

Sikusikia maji yakiruka. Sikusikia ukelele.

Kesho yake waokoaji waliziona nyayo zake kwenye theluji nyembamba, hadi katikati ya mto. Hapo zikakoma. Barafu ilikuwa nzima, haina hata ufa. Medali ilikuwa imelala juu yake, kavu kabisa. Polisi waliandika "ajali", wakampelekea mama yake kofia, funguo na medali ile.

Siku ya tisa ya msiba, siku ya kumkumbuka marehemu kwa desturi yetu, nilikwenda kwa mama huyo, Klavdia. Chapati za maombolezo zilikuwa mezani. Nilimsihi kabla hata sijavua koti.

"Mama, nipe ile medali. Nikaifukie mbali."

"Ndicho kitu cha mwisho alichokivaa mwanangu, Veniamin. Unataka kuninyang'anya na hiki?"

Nilipiga magoti. Nilimweleza yote, ya bibi, ya barafu, ya ile harufu. Alinipangusa machozi kwa ncha ya mtandio wake.

"Maskini. Hulali, eti?"

Alipoufungua mtandio, nikaiona. Alikuwa ameibandika kifuani tangu asubuhi.

Nikanyoosha mkono kuing'oa. Akanishika kiganja, kwa nguvu ambazo mama wa miaka sabini na minne hana. Uso wake ukang'aa, akageukia dirishani, upande wa mtoni.

"Shhh... nyamaza kidogo. Unamsikia?"

Sikusikia kitu.

"Anasema anaona baridi," alinong'ona, huku akitafuta viatu vyake.